Tembo alipodidimia: alama za wanyama katika nyanda kame za Dodoma

Mwezi Oktoba, Mto Bubu ni barabara ya mchanga. Maji yameshajificha chini ya ardhi, na wanaoyahitaji, watu kwa wanyama, huyachimbua. Alfajiri, kabla upepo haujaanza kuvuma, kingo za visima hivyo huwa zimebeba habari za usiku mzima. Kuna vidole vinne vya fisi na ncha butu za kucha mbele yake. Kuna kwato za digidigi, zenye urefu wa sentimita tatu au nne, za mnyama aliyekatiza tu bila kunywa, kwa kuwa yeye hupata karibu maji yake yote kwenye majani na umande. Kuna mchirizi wa mkia wa muhanga kati ya nyayo zake zenye kucha ndefu.

Pembeni kuna mstari mmoja ulionyooka, kana kwamba mtu amepita akikokota fimbo. Huo ni wa kifutu. Nyoka wengi huacha alama ya kupindapinda, lakini kifutu aendapo taratibu hujivuta kwa magamba ya tumbo huku mwili umenyooka. Kwa yeyote anayeinama kuchota maji kwenye mchanga huo, hiyo ndiyo alama ya kwanza anayopaswa kuijua.

Nyanda za kati za Tanzania zinasomeka kuliko sehemu nyingi za nchi, na sababu ni ukame wenyewe. Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua zake, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, huanguka katika msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi mingine ni ya vumbi. Nyasi huisha, ardhi hubaki uchi, na kila apitaye huacha alama.

Jina lenyewe ni alama

Jiji la Dodoma limepewa jina kutokana na alama ya mnyama. Kwa masimulizi ya Wagogo, tembo aliyekwenda kunywa maji alinasa kwenye tope akashindwa kutoka, na mahali hapo pakaitwa Idodomya, yaani palipodidimia. Wajerumani walipofungua kituo chao hapo mwaka 1907, na reli ya kati ilipofika mwaka 1910, jina lilikuwa limeshafupishwa kuwa Dodoma.

Tembo wa simulizi hiyo hakuwa kitu cha ajabu kwa wakati wake. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, ilipita Ugogo ikilipa hongo kwa watemi ili ipate njia na maji. Upande wa mashariki wa Ugogo ilivuka nyika ya Marenga Mkali, iliyoitwa hivyo kwa maji yake ya chumvichumvi. Upande wa magharibi ilivuka Mgunda Mkali, vichaka virefu visivyo na watu kuelekea Tabora. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipita huko mwaka 1857 nyuma ya watu waliokuwa wakiifahamu njia hiyo kwa miaka mingi.

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Uhamisho wenyewe ulishika kasi kuanzia 2016. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 katika mkoa mzima. Ya 2022 ilihesabu 3,085,625. Treni ya umeme ilianza kufika kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Vilima vilivyokuwa vya pimbi na chui sasa vimezungukwa na viwanja vilivyopimwa. Kinachoshindaniwa ni njia za wanyama, maji ya kiangazi, na ujuzi wa kuzitambua njia hizo kabla hazijajengwa.

Fisi si mbwa

Unyayo wa fisi madoa huchanganywa na wa mbwa mkubwa, na kosa hilo huwagharimu wafugaji mbuzi. Wote wana vidole vinne na kucha zisizofichika. Tofauti ni kwamba mguu wa mbele wa fisi ni mkubwa waziwazi kuliko wa nyuma, vidole vyake vimebanana na kujipinda kuelekea ndani, na kisigino chake ni kipana kilichokaa upande. Chui naye haonyeshi kucha kabisa, kwa sababu huzikunja atembeapo, na ukingo wa nyuma wa kisigino chake una mabonde yanayougawa sehemu tatu.

Saa ya kupita husomwa pia. Unyayo uliokanyagwa jioni huwa na alama za mende na sisimizi waliopita juu yake usiku. Uliokanyagwa baada ya umande kutua huwa umevunja ule utando mwembamba wa mchanga wenye unyevu, na kingo zake bado ni kali. Upepo wa asubuhi ukishapuliza kwa saa mbili, kingo hizo hulegea na punje za mchanga hujaa katikati. Msomaji mzuri huchuchumaa akilielekea jua, ili kivuli cha kila kishimo kimjie.

Unyayo wa tembo huonyesha hata kimo. Mguu wa mbele ni wa duara, wa nyuma ni wa yai. Ukizungushia kamba unyayo wa mbele kisha ukazidisha urefu wa kamba hiyo mara mbili, unapata karibu kabisa kimo cha tembo begani.

> Kamba moja ikizungushwa kwenye unyayo wa mbele, mara mbili yake ni kimo cha tembo.

Fisi hujulisha uwepo wake kwa njia nyingine mbili. Kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa, kwa kuwa hula mifupa na kuisaga, na hukirudia mahali pamoja hadi pawe choo cha kundi zima. Pia hupaka ute mweupe kwenye mashina ya nyasi, wenye harufu inayofanana na ya sabuni, akiutoa kwenye tezi iliyo chini ya mkia. Ukishajua kuutafuta, unaukuta kandokando ya njia zake. Wagogo walimjua jirani huyu muda mrefu. Tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa iliyojengwa kuzunguka ua, ilimweka ng'ombe katikati na kuta pande zote, na simba na fisi wakabaki nje.

Choo kama mpaka

Digidigi huishi jike na dume katika eneo lao. Mipaka wanaiweka kwa vichungu vya vidonge vidogo vyeusi, vinavyoongezwa kila siku. Jike akimaliza, dume huparua juu na kuongeza vyake. Kisha husogeza uso kwenye ncha ya kijiti na kukipaka ute mweusi kama lami kutoka kwenye tezi iliyo chini ya jicho. Kijiti chenye tone hilo, kwenye urefu wa goti la mtu, kinaonyesha kwamba kichaka kina mwenyewe.

Fungo naye ana choo chake. Kilichomo ni mbegu za matunda na pete ngumu za jongoo, chakula ambacho wanyama wachache hukithubutu. Vidonge vya twiga vina ncha upande mmoja na hutawanyika, kwa sababu huanguka kutoka juu. Kwenye vilima vya mawe ya matale vinavyolizunguka jiji, pimbi wameacha michirizi myeupe na ya kahawia inayoonekana kutoka barabarani. Ni mkojo wao, wenye chokaa nyingi, uliokauka juu ya mwamba vizazi kwa vizazi. Michirizi hiyo hudumu hata pimbi wakishaondoka, kwa hiyo peke yake haitoshi kuwa ushahidi kwamba bado wapo. Vidonge vibichi ndivyo vinavyothibitisha.

Muhanga ni nadra kuonekana, lakini hakuna mchimbaji mwenye faida kubwa kuliko yeye nyikani. Mashimo yake, yaliyochimbwa penye mchwa, hurithiwa na ngiri, nungunungu, fisi na nyoka. Shimo lenye utando wa buibui mdomoni halina mtu ndani. Lenye nzi wengi na udongo mbichi si la kuchungulia.

Mbuyu na wapangaji wake

Hakuna kitu katika nyanda hizi kinachotunza kumbukumbu za wanyama kama mbuyu. Shina lake ni mti laini uliojaa maji, nalo hunenepa wakati wa mvua na kupungua wakati wa ukame. Gome lake likichunwa huota tena, jambo ambalo miti mingi haiwezi. Kwa sababu hiyo kila jeraha hufunikwa lakini halifutiki, na shina la mbuyu mkubwa husomeka kama ngozi ya mzee.

Alama pana za kuchimbwa, zilizoanzia usawa wa kifua cha mtu na kupanda juu kuliko mkono unavyofika, ni za meno ya tembo aliyetafuta unyevu mwisho wa kiangazi. Ziko hata katika maeneo ambayo tembo hawajaonekana kwa muda mrefu. Alama za chini kabisa, ndogo na za jozi jozi, ni za nungunungu. Vishimo vilivyopangwa kama ngazi kuelekea juu ni vya binadamu: wavuna asali walipigilia vigingi vya mti, wakapanda, vigingi vikaoza, matundu yakabaki.

Maua huanza kufunguka mvua zinapokaribia. Hufunguka jua likizama, ni meupe, makubwa, yana harufu nzito, na kufikia siku inayofuata yameshanyauka na kuanguka. Wageni wake wakuu ni popo wala matunda, na komba nao huja kulamba. Asubuhi, maua yaliyotapakaa chini yenye michubuko ya kucha ni ushahidi kwamba kazi ya usiku imefanyika. Miezi kadhaa baadaye mabuyu hukomaa. Nyani na tembo hula unga wake na kuzipeleka mbegu mbali.

Wapangaji ni wengi. Kasuku wadogo wenye ukosi wa njano na kichwa cheusi, ambao makao yao ya asili ni Tanzania ya kati na ya kaskazini, hutaga kwenye matundu yake. Mtaalamu wa ndege Reichenow aliwaandika kitaalamu mwaka 1887. Kwera wakubwa hurundika matawi ya miiba kwenye ncha za matawi, mafungu makubwa yanayoonekana kwa mbali wakati mbuyu hauna majani. Ndani ya mashina yenye uvungu huingia mbayuwayu wa Böhm, mwenye mkia mfupi kiasi kwamba akiruka hufanana na popo. Kwezi wa kijivu, asiyepatikana popote duniani nje ya Tanzania, hupita na kundi lake bila makelele.

> Mche wa mbuyu una jani moja moja. Wengi huupalilia wakidhani ni gugu.

Kuna msemo ulioenea kwamba hakuna aliyewahi kuona mbuyu mchanga. Msemo huo una chanzo kinachoelezeka. Majani ya mche hayajagawanyika kama vidole. Ni jani moja moja, jembamba, lisilofanana na la mti mzima. Mkulima huung'oa pamoja na magugu, na mbuzi huumaliza uliosalia. Ndiyo maana mashamba mengi ya Ugogo yana mibuyu ya mamia ya miaka lakini haina warithi. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza mibuyu mikongwe kusini mwa Afrika walitangaza kwamba tisa kati ya 13 iliyo mizee zaidi ilikuwa imekufa, mzima au sehemu zake kongwe zaidi, tangu 2005. Mibuyu ya Dodoma haikuwa miongoni mwake. Hata hivyo mti usio na mche unahesabiwa miaka, na miche iko chini ya majembe.

Vichaka vya Itigi na aliyevieleza

Magharibi, wilayani Manyoni, nyika hubadilika ghafla. Vichaka vya Itigi vina urefu wa mita tatu hadi tano tu, lakini matawi yamefumana kiasi kwamba mtu hutambaa. Chini kuna mchanga juu ya tabaka gumu lisilopitisha mizizi kwa urahisi. Kiangazi vyote hupukutisha majani. Nyasi ni chache, kwa hiyo moto wa nyika huishia ukingoni. Tandala mdogo na digidigi hupita kwenye vichochoro visivyozidi upana wa bega.

Mtu aliyeieleza mimea ya huko kwa makini ni Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea katika idara ya utafiti wa mbung'o ya Tanganyika. Alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege iliyomuua pia mkuu wake, Charles Swynnerton. Maelezo yake juu ya uoto wa Afrika Mashariki yalichapishwa mwaka 1942, akiwa ameshazikwa. Kichaka kimoja cha Itigi, *Burttia prunoides*, kinabeba jina lake, nacho ndicho pekee katika jenasi yake.

Ajira yake ina fundisho la kusikitisha. Mimea ilichunguzwa ili ijulikane wapi mbung'o anajificha, na wapi vichaka vifyekwe. Sehemu kubwa ya vichaka vya Itigi imeshafyekwa tangu wakati huo, kwa mashamba na kuni na mkaa. Wafuga nyuki wa Manyoni wana sababu ya kuvitetea vilivyobaki, kwa kuwa maua ya vichaka hivyo ndiyo asali yao.

Kondoa: ardhi iliyopumzishwa

Kondoa ndipo pande mbili, uhifadhi wa ardhi na ufugaji, zilipokutana uso kwa uso. Ufyekaji wa misitu dhidi ya mbung'o wakati wa ukoloni, kilimo cha miteremko na mifugo mingi viliacha makorongo mekundu ya kina kirefu. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, kilomita za mraba 1,256. Mwaka 1986 amri kama hiyo ilifika Mvumi.

Kwa aliyeangalia mimea, matokeo yalikuwa dhahiri. Nyasi zilirudi kwanza. Kisha visiki vya myombo vilivyodhaniwa vimekufa vilichipua kutoka mizizini, na makorongo yakaanza kushikwa na majani. Kwa mfugaji wa Kirangi, matokeo yalikuwa nyumba isiyo na maziwa wala samadi, na safari ya kupeleka ng'ombe kwa ndugu wa nyanda za chini, ambako mzigo wa malisho uliongezeka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ufugaji wa ndani, wa kumletea ng'ombe majani zizini, ulianza kuruhusiwa. Hesabu ya haki ya Kondoa ni lazima iwe na pande zote mbili: ardhi ilipona, na gharama ililipwa na watu ambao hawakuulizwa vya kutosha.

Juu ya miteremko hiyo hiyo kuna daftari la kale zaidi la wanyama katika eneo zima. Michoro ya Kolo na vilima jirani, iliyonakiliwa na Mary Leakey mwaka 1951 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, imejaa twiga, pofu na tembo kwa rangi nyekundu. Aliyechora pofu alijua nundu ya bega na ngozi inayoning'inia shingoni. Alikuwa amemtazama kwa karibu na kwa muda mrefu. Wasandawe wa Farkwa na Kwa Mtoro, wawindaji na warina asali kwa asili, bado wana watu wanaoweza kumfuata mnyama juu ya mwamba mkavu, kwa jiwe lililogeuzwa na jani lililolaliwa.

Tembo hurudi njia ile ile

Kusini magharibi mwa Kondoa kuna Pori la Akiba Swagaswaga. Upande wa Manyoni kuna Muhesi, Kizigo na Rungwa, yanayoshikana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kati ya Swagaswaga na Muhesi tembo wana ushoroba, ulioorodheshwa katika tathmini ya kitaifa ya shoroba ya mwaka 2009. Ndani yake sasa kuna mashamba ya alizeti, mtama na uwele.

Mkulima wa wilaya ya Chemba, ndani ya ushoroba huo, hakuvamia kitu, kwa maoni yake. Alipewa ardhi na serikali ya kijiji, akalima. Tembo naye hufuata njia aliyoonyeshwa na mama yake kwenda kwenye maji. Ujangili uliwapunguza tembo wa Tanzania kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Miaka ya upungufu huo ndiyo iliyofanya njia nyingi zionekane tupu na kugawiwa. Ulinzi ulipoimarishwa na tembo kuanza kuongezeka, walirudi palepale. Kanuni za mwaka 2018 zinaruhusu shoroba kutangazwa na kulindwa kisheria, lakini tangazo juu ya ardhi iliyokwisha kugawiwa linahitaji mtu ahame au abadili matumizi.

Dawa za nyumbani zipo. Uzio wa kamba uliopakwa pilipili na oili chafu huwazuia kwa muda. Mizinga iliyotundikwa kwenye waya kuzunguka shamba hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa tembo huogopa nyuki, na mizinga hiyo humpa mkulima asali pia. Tatizo la Dodoma ni kwamba mwisho wa kiangazi nyuki wengi huihama mizinga kwa kukosa maua na maji, na mzinga mtupu haumtishi tembo kwa muda mrefu.

Shamba likiliwa, mkulima anaweza kuomba kifuta jasho chini ya kanuni zilizoanzishwa mwaka 2011; aliyejeruhiwa au kufiwa huomba kifuta machozi. Kiwango huhesabiwa kwa ekari na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na kadiri shamba lilivyo karibu ndivyo malipo yanavyopungua. Hakuna anayelipwa kabla uharibifu haujathibitishwa, na uthibitisho ni kazi ya kusoma alama. Mabua ya mtama yaliyovunjwa yakaangukia upande mmoja ni ya mnyama mzito aliyepita. Yaliyong'olewa na mizizi, udongo ukakung'utwa, ni ya tembo. Masuke yaliyotafunwa chini na mabaki kutemwa ni ya nyani au ngiri, na hayo hayana malipo.

Afisa wanyamapori akichelewa siku tatu, upepo huwa umekwishafuta nyayo. Kwa hiyo wakulima wazoefu huamka mapema, hufunika unyayo mmoja wa mbele kwa beseni au ungo, huweka mawe kuuzunguka, na kuuacha hapo mpaka afisa afike na kamba yake ya kupimia.